Barua ya wazi: Mashine ikikataa, tumwone nani?

Kwa:
Wakuu wa taasisi za umma, mabenki, kampuni za simu, kampuni za bima na mifuko ya pensheni, pamoja na mamlaka zinazowasimamia.

YAH: KUONDOLEWA KWA MTU MWENYE MAMLAKA KATIKA HUDUMA ZA KIDIJITALI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika hadharani kwa sababu njia ya faragha mmeifunga wenyewe. Malalamiko yangu niliyatuma kwanza kupitia fomu iliyo kwenye tovuti, kama mnavyoelekeza. Nikapewa namba ya kumbukumbu na ahadi ya kujibiwa. Jibu likaja kwa ujumbe mfupi: suala lako limeshughulikiwa na limefungwa. Hakuna aliyenipigia, hakuna aliyeniuliza neno, na suala lilikuwa pale pale. Nilipotaka lifunguliwe, mfumo ukanijibu kwamba suala lililofungwa halifunguliwi, nianze upya. Nikaandika barua ya karatasi, nikaipeleka kwa mkono. Ilipokewa, ikagongwa mhuri, kisha nikaelekezwa niende nikajaze fomu ile ile ya kwenye tovuti. Siku chache baadaye uliingia ujumbe unaoniomba nitoe nyota, moja hadi tano, kwa namna nilivyohudumiwa.

Nyota sikutoa. Natoa barua hii.

Nitangulize nisichokilalamikia, maana najua mtu akigusa jambo hili huitwa mpinga maendeleo. Sitaki turudi kwenye mafaili yanayopotea kabatini, wala kwenye foleni ya kuamkia alfajiri ili jioni uambiwe njoo kesho. Kutuma fedha kwa simu, kulipa ada ukiwa umelala kitandani, kupata nakala ya cheti bila kusafiri: hizo ni neema na ninazitumia kila siku. Nakiri pia kwamba mashine haiombi kitu kidogo. Kwa aliyewahi kuzungushwa na karani mpaka atie mkono mfukoni, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Ninacholalamikia ni kimoja. Mmeipa mashine uwezo wa kumkatalia mtu, kisha mkamwondoa aliyekuwa na uwezo wa kuutengua uamuzi wake. Hoja zangu zote zinatoka hapo.

1. Karani yupo, mamlaka yake hayapo

Shangazi yangu ni mstaafu. Kila mwaka mfuko unaomlipa pensheni humtaka athibitishe kwamba yu hai, na siku hizi uhakiki huo hufanywa kwa kuitazama kamera ya simu, unageuza uso kushoto, unageuza kulia, unapepesa macho. Uso wake ulikataliwa. Tukasogea kwenye mwanga, tukavua miwani, tukaazima simu yenye kamera nzuri zaidi. Ukakataliwa. Alama za vidole nazo hazikusomeka. Pensheni ikasimamishwa.

Tukaenda ofisini. Karani aliyetupokea alikuwa akimfahamu vizuri. Alimwamkia, akamuuliza habari za nyumbani, wakacheka kidogo. Kisha akageuza kioo cha kompyuta ili nasi tuone. "Mimi nakufahamu, mama," akasema, "lakini mfumo haukutambui." Tulipomuuliza basi tufanye nini, akatuonyesha kwamba ukurasa wote hauna mahali pa yeye kubonyeza. Aliona tunachokiona, wala hakuwa na la kuongeza.

Sina neno na karani huyo. Neno langu ni kwenu mliomweka pale bila kumwachia kitu cha kuamua. Mkiulizwa, mtatoa orodha ya ofisi zilizo wazi na idadi ya wahudumu wanaopokea simu, nami sitabishana na orodha hiyo. Wapo. Lakini mhudumu anayesoma kilichoandikwa kwenye kioo, akaahidi kulipeleka suala "ngazi ya juu" ambayo yeye mwenyewe hajui iko wapi wala nani yuko huko, ni sauti tu. Zamani karani aliweza kukosea, aliweza kuwa na kiburi, lakini aliweza pia kusema: huyu namjua, mwacheni apite. Mmemnyang'anya hiyo nguvu ya mwisho, na kwa mtu wa kawaida ndiyo iliyokuwa na maana.

Mtu asidhani kwamba anayekataliwa hukataliwa kwa bahati mbaya inayoweza kumpata yeyote kwa usawa. Alama za vidole hufifia kwa uzee na kwa kazi ya mikono: mkulima, mwashi, dobi, mtu aliyeosha vyombo maisha yake yote. Kuhusu nyuso, mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kibiashara zilizokuwa zikikisia jinsia ya mtu kwa kuangalia picha yake. Kwa wanaume wenye ngozi nyeupe zilikosea chini ya mara 1 katika 100. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu iliyofanya vibaya zaidi ilikosea zaidi ya mara 34 katika 100. Tangu hapo programu za nyuso zimeboreshwa, nami nalikubali hilo. Lakini mnaponunua mfumo, mnamuuliza muuzaji unawakosea akina nani? Au mnauliza bei na tarehe ya kuzinduliwa?

Pensheni ya shangazi ilirudi baada ya miezi, bila maelezo, kama ilivyosimamishwa bila maelezo. Malimbikizo hayajalipwa hadi ninapoandika.

2. Mashine inasadikiwa, mtu ndiye anayejieleza

Mtasema kisa cha mstaafu mmoja si hoja. Basi tuwaangalie wale ambao habari zao zimekwisha kupita mahakamani na kwenye tume.

Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha katika ofisi ndogo za posta, fedha ambazo hazikuwa zimepotea popote. Waliokuwa wakiziendesha ofisi hizo wakatakiwa wazilipe. Waliopiga simu kuomba msaada, wengi waliambiwa kwamba ni wao tu wenye tatizo hilo, kumbe mamia ya wenzao walikuwa wakiambiwa neno hilo hilo. Wapo waliouza nyumba, wapo waliofungwa. Kati ya 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 walitiwa hatiani kwa wizi, udanganyifu au kughushi hesabu, na ushahidi ulitoka kwenye mfumo huo. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikatamka kwamba Horizon ulikuwa na kasoro. Mwaka 2024 Bunge likalazimika kutunga sheria ya kuwafutia hatia kwa mkupuo. Wengine walikuwa wamekwisha kufariki wakiitwa wezi.

Kwamba programu ilikuwa na makosa si ajabu. Hakuna programu isiyo na makosa. Kinachonikera ni kwamba kwa karibu muda huo wote mahakama za huko zilichukulia kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka mshtakiwa aonyeshe vinginevyo. Aonyeshe kwa lipi, ikiwa kumbukumbu zote ziko mikononi mwa anayemshtaki?

Australia nayo ilikuwa na mpango wa kudai madeni ambao wananchi waliubatiza jina la Robodebt. Kompyuta ilichukua kipato cha mtu cha mwaka mzima kutoka mamlaka ya kodi, ikakigawa sawasawa katika vipindi vya wiki mbili mbili, kisha ikakilinganisha na msaada wa serikali aliokuwa akilipwa. Chukueni mtu aliyefanya kazi miezi sita, akaachishwa, akaomba msaada kihalali kwa miezi sita iliyobaki. Kwa hesabu hiyo anaonekana alikuwa na mshahara mwaka mzima, na msaada aliupokea kwa hila. Deni linaandikwa, na ni juu yake kutafuta hati za mishahara za miaka iliyopita, hata kama mwajiri wake amekwisha kufunga biashara, ili athibitishe kwamba hadaiwi. Kabla ya mpango huo, tofauti kama hizo zilikuwa zikipitiwa na watumishi kabla ya kumfikia mtu. Mtumishi yeyote aliyewahi kupokea mshahara wa vibarua angeiona kasoro ile kwa jicho moja. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kurudisha dola za Australia milioni 721, na Tume ya Kifalme iliyotoa ripoti yake Julai 2023 iliuita mpango huo wa kikatili, usio wa haki wala wa kisheria.

Uholanzi, wazazi kwa maelfu waliokuwa wakipokea ruzuku ya malezi ya watoto waliandikwa matapeli, wengine kwa sababu ya sahihi iliyosahauliwa kwenye fomu, na mfumo uliopima nani atiliwe shaka ulihesabu kutokuwa na uraia wa nchi hiyo kuwa dalili mojawapo. Serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu Januari 2021 kwa ajili ya kashfa hiyo. Yeye alirudi kuwa waziri mkuu baada ya uchaguzi. Wapo wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwisha kuchukuliwa na kulelewa kwingine.

Nchi hizo tatu zina mahakama imara, magazeti yasiyoogopa na wanasheria wa kutosha. Hata hivyo iliwachukua watu miaka mingi kusikilizwa. Sasa mifumo ya namna hiyo inauzwa na kununuliwa duniani kote, hata mahali ambapo mwananchi hana wakili, hana gazeti la kumsemea, na tume ikiundwa ripoti yake haitoki.

3. Siri za watu zimekuwa za ukoo mzima

Hili silioni katika taarifa zenu za mwaka, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Programu zenu zimetengenezwa kwa mtu mmoja mwenye simu janja yake, macho yake, kusoma kwake na namba yake ya siri. Asiyekuwa na kimojawapo hana nafasi ya kuingia na msaidizi. Kwa hiyo hufanya linalowezekana: anampa mtu namba ya siri. Mzee humpa mjukuu. Asiyeona humpa jirani. Mwenye simu ya kitochi huweka mambo yake kwenye simu ya mtu mwingine. Mjukuu huyo sasa anajua salio la babu, anajua babu anamtumia nani fedha kila mwisho wa mwezi, anajua majibu ya vipimo vya hospitali kabla ya mgonjwa mwenyewe. Mwanamke mwenye akiba ambayo mumewe hapaswi kuijua, afanye nini kama ujumbe wa uthibitisho unaingia kwenye simu ya mume? Msichana anayetaka ushauri wa afya ya uzazi, na simu ya nyumbani ni ya kaka yake? Dirishani mtu aliweza kunong'ona.

Na fedha zikiibwa, mnajua jibu lenu. Ulimpa mtu namba ya siri, hatuhusiki. Mmeweka utaratibu ambao watu hawa hawawezi kuutumia bila kuvunja sharti lenu, kisha sharti hilo hilo ndilo mnalolitumia kujivua lawama.

Upo pia udhalili ambao hauhesabiki kwa fedha. Mtu aliyeendesha mambo yake mwenyewe tangu ujana, akalea, akajenga, akasomesha, sasa anasubiri mtoto atoke shule ndipo ajue kama ana hela. Huanza kwa kuomba. Baadaye anachoka kuomba, anaacha kuuliza, na mambo yake yanaendeshwa na wengine naye akiwa na akili zake timamu. Mimi ni mmoja wa hao makarani wa ukoo wasiolipwa. Nina namba za siri za watu ambazo sikutaka kuzijua, na baadhi ya niliyoyaona humo ningependa nisingeyaona.

Hao ni wale wenye jamaa. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mawasiliano lilikadiria mwaka 2024 kwamba watu bilioni 2.6 hawakuwa wakitumia intaneti kabisa. Asiyekuwapo na lake halipo, wahenga walisema. Ila wao walimsema aliyekosa kikao kwa hiari yake au kwa safari. Hawakumsema aliyefungiwa mlango.

4. Kazi yenu tumetwishwa sisi

Kwa kifupi. Kuingiza taarifa, kupiga picha nyaraka, kuzipunguza ukubwa ili faili likubalike, kuhakiki kwamba jina limeandikwa sawa na lilivyo kwenye kitambulisho, kurudia yote kwa sababu ukurasa umejizima katikati: hiyo ilikuwa kazi ya mtu aliyelipwa mshahara. Sasa tunaifanya sisi, kwa simu yetu na bando letu, tukikosea adhabu ni yetu. Ada ya huduma bado mnatoza. Wengine wenu mmeongeza na ada ya kuitumia hiyo njia ya mtandao.

5. Mtandao ukisumbua, siku zinaendelea kuhesabiwa

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho lenye kasoro kutoka kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike liliangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft. Ndege hazikuruka, hospitali ziliahirisha matibabu, mabenki yalikwama. Katika baadhi ya viwanja, abiria waliandikiwa kadi za kupandia ndege kwa kalamu. Kalamu ilifaa kwa sababu palikuwa na mtu aliyeruhusiwa kuishika.

Kwenye huduma nyingi mtu huyo hayupo tena. Tunaambiwa mtandao unasumbua, rudini kesho; na kesho tukirudi, faini ya kuchelewa imekwisha kujiandika usiku wa manane. Mfumo unaoshindwa kupokea malipo haushindwi hata siku moja kutoza adhabu. Huo ustadi wa upande mmoja huwa unanishangaza.

Waheshimiwa, najua mtakayojibu, kwa hiyo niyajibu mapema.

Mtasema watu ni gharama. Sijawaomba mtu kwa kila muamala. Naomba mtu kwa ajili ya waliokataliwa. Ikiwa mashine zenu ni sahihi kama matangazo yenu yanavyosema, waliokataliwa kimakosa ni wachache na watumishi wachache watawatosha. Ikiwa ni wengi kiasi kwamba hamwezi kuwamudu, basi mashine hiyo haikufaa kuwekwa kazini. Chagueni mojawapo; zote mbili kwa pamoja haziwezekani.

Mtasema mtu akipewa mamlaka ya kutengua atahongwa. Hili ndilo jibu lenu lenye uzito, na sitalipuuza, kwa sababu wengi wetu tuliipokea mashine kwa furaha kwa ajili ya hilo hilo. Lakini kutunza kumbukumbu ndiko mashine inakokuweza kuliko binadamu. Kila anayetengua uamuzi aandikwe jina lake, saa yake na sababu yake, na kumbukumbu hiyo ikaguliwe. Mmekwisha kuonyesha kwamba mnaweza kumfuatilia mwananchi kila hatua anayopiga. Mfuatilieni na mtumishi wenu kwa bidii hiyo hiyo, badala ya kumfunga mikono.

Mtasema ni suala la kizazi, wazee watazoea au mambo yatajiweka sawa yenyewe, kauli ambayo nikiisikia huwa najiuliza kama asemaye anajua maana yake. Mwaka 2022 nchini Hispania, Carlos San Juan, daktari mstaafu wa Valencia mwenye umri wa miaka 78 na ugonjwa wa Parkinson, alikusanya saini zaidi ya 600,000 kwa kauli isemayo kwamba yeye ni mzee, si mpumbavu. Mikono yake ilitetemeka kwenye mashine za benki na ndani hapakuwa na wa kumsaidia. Mabenki ya huko yaliyokuwa yamefunga matawi kwa miaka yakakubali kurefusha saa za kuhudumia watu kaunta na kuwapa wazee kipaumbele. Kumbe iliwezekana. Mtu huyo alikuwa daktari bingwa wa njia ya mkojo, si mtu asiyejua kujifunza. Nanyi pia vidole vyenu vitafifia, na programu za wakati huo hamtakuwa mmezizoea.

Mtasema akili mnemba inakuja kuziba pengo, kwamba karibuni kila mteja atakuwa na msaidizi wa kuzungumza naye usiku na mchana kwa lugha yake. Huenda. Ninachouliza ni kama neno lake litawafunga. Kanada, Februari 2024, baraza moja la usuluhishi liliamua shauri la abiria aliyeelezwa vibaya kuhusu nauli ya msiba na roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya Air Canada. Kampuni ilijitetea kwa hoja ambayo, kwa maneno ya baraza lenyewe, ilikuwa sawa na kusema roboti ile ni mtu mwingine anayewajibika kwa matendo yake. Baraza halikukubali, na abiria akalipwa. Nilipoisoma hoja hiyo nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka suala langu lililofungwa na asiyejulikana. Tofauti ni kwamba abiria yule alipata wa kumsikiliza.

Mwisho mtasema sheria zipo. Zipo. Umoja wa Ulaya tangu 2018 unatambua haki ya mtu kutoamuliwa jambo zito na mashine pekee, na sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inasema vivyo hivyo katika kifungu cha 35. Lakini tunawajua: mnamweka mtu mwishoni mwa mstari, kazi yake kubonyeza "kubali" kwa kila kilicholetwa na kompyuta, kisha mnaandika kwamba binadamu alishirikishwa. Aliyeamuliwa hakuwahi kumwona mbonyezaji huyo, na mbonyezaji hakuwahi kusoma faili.

Basi naomba yafuatayo, na nayaomba kwa wote niliowataja juu:

(a) Kila uamuzi wa mashine wa kumkatalia mtu, kumsimamishia malipo, kumfungia akaunti au kumdai fedha uwe na mtu mwenye jina, mahali anapopatikana, na mamlaka ya kuutengua siku hiyo hiyo. Hili likikosekana, mengine yote ni mapambo.

(b) Msikate kabla ya kusikiliza. Pensheni, ruzuku, laini ya simu, akaunti ya benki: viendelee mpaka mhusika apewe nafasi ya kujieleza mbele ya mtu. Anayesema nadaiwa ndiye alete ushahidi.

(c) Sababu ya kukataliwa iandikwe kwa lugha ambayo mtu wa kawaida anaielewa. "Ombi lako halikukidhi vigezo" si sababu.

(d) Iwepo njia halali ya msaidizi. Mwenye akaunti amteue amtakaye, aamue msaidizi huyo aone nini na afanye nini, na aweze kumwondoa wakati wowote, bila kumpa mtu namba ya siri. Hili ni suala la kuandika programu, nanyi mna waandishi wa programu.

(e) Njia ya kaunta, karatasi na simu ya kitochi isifungwe kwa huduma ambazo mtu hana hiari ya kuziacha, wala isitozwe zaidi. Siku ambazo mfumo wenu haukupatikana zisihesabiwe kwenye faini ya mtu.

(f) Kila mwaka mtangaze ni maamuzi mangapi ya mashine yalipingwa, mangapi yalitenguliwa, na waliotenguliwa walisubiri muda gani. Mnatangaza faida kwa kila robo mwaka. Hili haliwezi kuwashinda.

(g) Kwa mfuko unaonihusu, ambao unajijua: lipeni malimbikizo.

Kwa mamlaka za usimamizi ninaongeza moja. Msikubali mfumo wowote uanze kazi kabla aliyeuleta hajaonyesha ni akina nani unaowakosea na watakwenda kwa nani. Mkishauzindua kwa utepe na hotuba, hamtakuwa na ubavu wa kuuzima.

Natarajia majibu kwa maandishi, yaliyoandikwa na mtu, yakiwa na jina lake na cheo chake. Majibu yatakayotumwa na mfumo nitayachapisha hapa pamoja na namba yake ya kumbukumbu.

Wenu,

Mtumiaji wa huduma zenu, na karani wa ukoo asiyelipwa.